Milioni 8 za Baba Asha

Bomba la simtanki lilichomoka usiku tukiwa tumelala. Maji yakaingia darini, jipsamu ya sebuleni ikaloa mpaka ikaanguka yote juu ya makochi. Tulipotoka chumbani tulimkuta Asha amesimama juu ya meza ya chakula, kakumbatia begi lake la shule, na televisheni inachuruzika. Mwenye nyumba, Mungu ambariki, alileta fundi siku ileile na dari likarudi mahali pake. Lakini makochi, zulia na televisheni vilikuwa msiba wetu. Dari ni lake, vitu ni vyetu.

Ndipo Baba Asha akaja na habari ya bima ya vitu vya ndani. Ya gari tunaikata kila mwaka kwa sababu trafiki ataidai barabarani. Hii ya nyumbani hakuna anayekuja kuidai mlangoni, na wapangaji wengi hawajui hata kama ipo.

Wakala alikuja jioni, binti mpole mwenye subira. "Siku mkihama," alisema, "kila mtakachopakia kwenye lori ndicho tunachokizungumzia hapa. Vyote kwa pamoja vina thamani gani?"

"Milioni nane," akajibu Baba Asha papo hapo.

"Milioni nane za nyumba ipi, Baba Asha?"

Alikuwa amehesabu vyenye waya tu: friji, kompyuta, mashine ya kufulia, televisheni tunayotaka kununua. Hakuhesabu hata kijiko. Jumamosi tukaanza upya, chumba kwa chumba, Asha akiandika kwenye daftari. Vitanda na magodoro. Mapazia, ambayo bei yake ilimfanya Baba Asha ayashike na kuyageuza kama ndiyo kwanza ayaone. Cherehani yangu. Masufuria makubwa ya shughuli, sahani za wageni, mashuka. Mama mkwe akatuita chumbani kwake, akafungua sanduku la kanga. "Hizi nazo mziandike, doti kwa doti. Au mimi siishi humu?" Tukaandika. Daftari lilipofika milioni 16, Baba Asha aliketi kitandani.

Kwanza alitaka tubaki na milioni 8 ili ada iwe ndogo. Wakala akamfanyia hesabu ambayo ningependa kila mume na mke waifanye kabla ya kutia saini. Ukiandika milioni 8 ilhali vitu vina thamani ya milioni 16, umekata bima nusu, na fidia nayo hupunguzwa kwa kiasi hichohicho. Ukipata hasara ya milioni 4, hesabu inakupa milioni 2, na humo bado hukatwa ile sehemu ya kwanza ya hasara ambayo mwenye bima hujibebea mwenyewe. Nyumba nyingi huumia hapa, kwa kuwa mmoja alikadiria peke yake na vitu vya mwenzake akaviona vya bure.

Tukakubaliana milioni 16. Kisha tukausoma mkataba mstari kwa mstari. Wizi ulilipwa tu pakiwa na dalili za kuvunja, yaani kitasa kimevunjwa au nondo zimekatwa. Simu iliyoondoka na mgeni haimo. Umeme ukirudi kwa kishindo ukaunguza friji bila moto, haimo, mpaka uongeze kipengele chake. Bomba kupasuka limo. Mimi niliganda kwenye mafuriko. Shangazi yangu alikuwa Jangwani, Dar es Salaam, Desemba 2011, Mto Msimbazi ulipofurika, akaishia kuhamia Mabwepande na godoro moja. Sikukubali saini iwekwe mpaka nilipoonyeshwa neno mafuriko limeandikwa upande wa yanayolipwa.

Baba Asha naye aliuliza Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, TIRA, kama wakala ana leseni. Akaandika pia juu ya jalada jina la ofisi ya Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, iliyoanzishwa kwa Sheria ya Bima ya mwaka 2009, tusije tukahangaika siku kampuni ikigoma kulipa. Kila ukurasa wa daftari tumeupiga picha na kumtumia shemeji Dodoma, maana orodha ikiungua pamoja na nyumba haimsaidii mtu.

Kilichobaki ni dhahabu. Kampuni inataka kila kipande kiandikwe peke yake, kiwe na risiti au karatasi ya sonara. Bangili zangu zilitoka kwa bibi, risiti haijapata kuwepo. Baba Asha anasema twende Kariakoo zikapimwe. Mimi sitaki zitoke nyumbani. "Basi ziandikwe bila karatasi," anasema. "Hawatakubali." "Basi twende." Mama mkwe yuko upande wake, na jana aliniuliza tena, mbele ya Asha, kama nimeshaamua.