Mbio za Mbawakawa, Utulivu wa Vunjajungu

Miongoni mwa wadudu wawindaji, yaani wale wanaoishi kwa kula wadudu wenzao, ni vigumu kupata wawili wanaopishana kwa tabia kama mbawakawa wa jenasi ya Cicindela, ambaye huikimbilia riziki, na vunjajungu, ambaye hukunja mikono akaingoja imjie.

Mbawakawa huyu huonekana kwenye njia za mchanga jua linapokuwa kali, na jamaa yake mmoja wa Australia amepimwa akikimbia mita 2.5 kwa sekunde, yaani kilomita 9 kwa saa. Ila kasi hiyo ina kasoro ya kufedhehesha: akishika mbio, macho yake hayakusanyi mwanga wa kutosha kuunda picha, hivyo windo humpotea, ikambidi asimame ghafla, atafute upya kilipo chakula, kisha atimke tena; mwizi anayefukuzwa na askari wa namna hii angepata wasaa wa kunywa chai. Ili asijigonge, huelekeza mbele vipapasio vyake, ambavyo ni nyuzi mbili za kichwani za kugusia, na kuvikaza hivyo muda wote wa mbio. Buu wake, yaani mtoto, ana busara zaidi, kwani hukaa katika shimo la wima, akaziba mlango kwa kichwa na kumnyakua sisimizi apitaye; busara hiyo, kwa bahati mbaya, humtoka akikua.

Vunjajungu ana macho matano na uwezo wa kupima umbali kwa kulinganisha yanachoona yale mawili makubwa. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Newcastle, Uingereza, walilithibitisha hilo katika utafiti uliochapishwa mwaka 2016, walipombandika miwani kwa nta ya nyuki na kumwonyesha picha ya mdudu, naye akaushambulia upepo kwa makini yote. Dume ana msiba mkubwa zaidi, kwa kuwa jike huweza kumla kichwa wakati wa kujamiiana, na shughuli ikaendelea vilevile, maana huongozwa na mishipa ya fahamu iliyo tumboni.

Wapo wanaoamini kwamba amgusaye vunjajungu atavunja chombo. Hukumu hiyo ni ya uonevu: anayelaumiwa ni mdudu awezaye kukaa muda mrefu bila kutikisika, ilhali yule akimbiaye bila kuona hakushukiwa kamwe.