Kamusi ya London Mbele ya Mbuzi wa Baraka

Kamusi aliingia mji wa Baraka, kando ya Ziwa Tanganyika upande wa Kongo, ndani ya mfuko wa koti. Koti lilikuwa katikati ya balo la mitumba lililoshushwa kwenye boti ya Kigoma. Mama aliyelifungua balo alilitundika koti mahali pa kuonekana, kitabu akakitupa chini ya meza pamoja na makaratasi ya kufungia karanga. Kilikuwa kitabu chembamba cha nahau na misimu ya Kiingereza. Kufikia siku ya soko, kurasa zote za A zilikuwa zimekwenda na karanga, na Mbuzi, asiyefungwa na mtu saa za biashara, alikuwa ameanza kunusa B.

“Ngoja, Mama,” Kamusi alilia. “Usile elimu!”

“Mimi nakula karatasi,” Mbuzi alijibu. “Kama mna elimu ndani, itajipitia yenyewe. Lakini huku eneo la Fizi hatumhukumu mgeni bila kumsikiliza. Haya, sema kazi yako.”

Wasikilizaji hawakukawia. Alikuwapo Mbwa wa bandarini. Alikuwapo Ndoo, mweupe, mfuniko umepasuka, ambaye alizaliwa upya kambini Nyarugusu, wilaya ya Kasulu, Tanzania, kambi iliyofunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya watu waliovuka ziwa wakikimbia vita. Alirudi Baraka na wenyewe baada ya safari za kuwarejesha wakimbizi kuanza mwaka 2005. Na alikuwapo Gunia la ndagala, ambaye hupanda lori kwenda Uvira na Bukavu akiwa amejaa samaki na kurudi akiwa amejaa habari.

Kamusi alijikung’uta vumbi. Vijana wa hapa, alisema, wanatafuta Kiingereza usiku na mchana. Mmoja anataka kazi kwenye mashirika ya misaada, mwingine jina lake liko kwenye orodha ya kwenda Marekani, wa tatu ana kaka Australia anayemcheka kwenye simu. Kifaransa ni cha shule na serikali, Kiswahili cha soko na kanisa, Kibembe cha nyumbani. Kiingereza ndicho kinachopandisha watu ndege.

“Na sarufi kila mwalimu anayo,” alimalizia. “Mimi ninayo ladha.”

“Tuonjeshe,” alisema Mbwa.

“Tuanze na wewe mwenyewe. Mashariki ya London mtu akitaka kutaja simu husema ‘dog and bone’, yaani mbwa na mfupa. ‘Bone’ ina kina kimoja na ‘phone’, ambayo ni simu. Ndiyo misimu ya vina.”

“Na huo mfupa napewa mimi?”

“Hapana, ndugu. Mfupa uko kwa ajili ya kina tu. Tena wazoefu huukata kabisa, wakasema wako kwenye ‘dog’.”

Mbwa aliinamisha masikio. Kutajwa bila kulishwa alikuwa amekuzoea, lakini kunyang’anywa hata mfupa wa maneno kulimshinda.

Kamusi hakuona neno. Aliendelea kueleza kwamba ufundi wote umo katika kukata huko. Kichwa huitwa ‘loaf of bread’, mkate mzima, kwa sababu ‘bread’ inalingana na ‘head’. Kisha ‘bread’ inadondoshwa, na Mwingereza anamwambia mwenzake atumie mkate, maana yake atumie akili. Uongo ni ‘pork pies’, sambusa kubwa za nguruwe, ukifupishwa unakuwa ‘porkies’. Kutazama ni ‘butcher’s hook’, kulabu ya muuza nyama, lakini kulabu haitajwi, anabaki muuza nyama peke yake. Njaa kali ni Hank Marvin, mpiga gitaa wa bendi ya The Shadows, ambaye kosa lake ni jina lake kulingana na neno ‘starving’. Ngazi ni ‘apples and pears’.

“Matofaa na nini tena?” Gunia aliuliza.

“Siwezi kukuonyesha. Ukurasa huo uliondoka jana na karanga za franga mia tano.”

“Mambo haya yalianza lini?” Mbuzi aliuliza, akiwa bado amekanyaga ukingo wa jalada.

Kamusi alifurahi kuulizwa tarehe. Mwaka 1859 mtu mmoja wa London, John Camden Hotten, alichapisha kamusi ya misimu, na humo akaeleza kwamba maneno haya ya vina yalikuwa na miaka kumi na kitu tu mitaani, midomoni mwa watu waliouza nyimbo na vitu vidogovidogo barabarani. Kabla yake, mwaka 1851, Henry Mayhew alikuwa ameandika habari za wachuuzi wa matunda na mboga wa jiji hilohilo, waliokuwa wakisoma maneno kinyumenyume mbele ya wateja na polisi. ‘Boy’, mvulana, likawa ‘yob’, na hadi leo Waingereza wanamwita hivyo kijana mkorofi.

“1859,” Mbuzi alirudia. “Mwaka mmoja kabla ya hapo, Burton na Speke walikuwa kwenye mitumbwi ziwani hapa. Burton alidhani Ubwari ni kisiwa, kumbe ni rasi, na ghuba iliyo mbele yetu ingali na jina lake kwenye ramani. Kwa hiyo walikuja kutuchora sisi, huku nyumbani kwao muuza vitunguu anahitaji mkalimani.”

Ndoo ndiye aliyetaka kujaribu. Kama London wanaweza, Baraka wanashindwa nini? Fedha huku ni franga. Franga inalingana na karanga. Basi tuseme ‘chumvi na karanga’, kisha karanga tuikate. Ibaki chumvi.

“Vizuri!” Kamusi alishangilia. “Umeelewa kuliko wanafunzi wengi.”

Mbwa alitumwa kuangalia matokeo kwa kuwaza tu. Abiria anafika bandarini, mwenye boti anamwambia nauli ya kwenda Ubwari ni chumvi elfu tano. Abiria, ambaye ni mtu mzima mwenye adabu, anarudi sokoni na kuleta mfuko wa chumvi. Mwenye boti anaukataa. Watu wanajaa. Mmoja anasema franga inalingana pia na panga, mwingine anasema shanga, wa tatu anasema mwanga, na mwishowe abiria haelewi kama anadaiwa fedha, anatishwa kwa silaha, anauziwa vito au anaombwa tochi.

Hapo Mbuzi aliona tatizo liko wapi. Maneno ya Kiingereza huishia na sauti za kila aina, hivyo kina kinabana, na mwenyeji hukisia haraka. Kiswahili humaliza karibu kila neno kwa irabu, na irabu ni tano. Vina vimejaa tele, ndiyo maana washairi wa pwani huvitumia katikati na mwisho wa kila mstari wala hawaishiwi. Kitu kilichojaa namna hiyo hakifichi siri.

“Kwa hiyo Waswahili hawana lugha ya kuficha?” Kamusi aliuliza kwa huruma ya mgeni.

“Wanayo ya miaka mingi,” alijibu Ndoo. “Mwalimu mmoja kambini alikuwa akituambia. Inaitwa kinyume.”

Unachukua silabi ya mwisho, unaileta mbele. Askofu Edward Steere aliikuta Zanzibar na kuitolea mifano katika kitabu chake cha sarufi cha mwaka 1870. Walijaribu palepale. Fizi ikawa Zifi, Baraka ikawa Kabara, Mbuzi akawa Zimbu na akapendezwa nalo. Gunia akawa Aguni. Ndoo akawa Ondo. Mbwa alipofikiwa, ikatoka Bwam, na punda wawili waliokuwa wakipita wakageuka kutazama nani amepigwa.

Kicheko kilipokwisha, Ndoo aliuliza kama yeye pia yumo kitabuni. Kamusi alisitasita. Alisema yumo, tena tangu zamani: mwaka 1785 Francis Grose aliandika katika kamusi yake ya lugha ya mitaani kwamba ‘kick the bucket’, kuipiga ndoo teke, maana yake ni kufa.

“Mimi nimebeba maji ya watu elfu moja!” Ndoo alifoka. “Nimebeba ya kuogea maiti na ya kuogea watoto wachanga. Nani amekufa kwa kunipiga teke?”

“Wengine wanasema ‘bucket’ hiyo haikuwa ndoo. Katika lahaja fulani ilikuwa boriti ya kuning’iniza nguruwe baada ya kuchinjwa, naye akirusha miguu anaipiga.”

“Basi waandike boriti.”

Mbuzi naye aliuliza zamu yake, na Kamusi, kwa kuwa kwato ilikuwa shingoni, aliamua kusema kweli. Mwaka 1530 William Tyndale, akitafsiri vitabu vya Musa, alibuni neno ‘scapegoat’ kwa yule mbuzi anayebebeshwa dhambi za watu na kufukuzwa jangwani. Tangu hapo kila ofisi ya Uingereza ina mbuzi wake. “Lakini Mama,” aliongeza upesi, “Waswahili wamekutendea nini cha maana? Mtu akimshauri asiyesikia, husema anampigia mbuzi gitaa. Na huko pwani wamekipa jina lako kile kibao cha kukunia nazi, wakakaa juu yake.”

Kimya kilikuwa kifupi. “Hilo la gitaa ni kweli,” Mbuzi alikubali. “Hakuna aliyewahi kunipigia gitaa akapiga vizuri.”

Mabishano yakahamia kwenye fedha. Kamusi alijivuna kwamba London farasi mdogo, ‘pony’, ni pauni 25, na tumbili, ‘monkey’, ni pauni 500. Ndoo akamwambia asijisifu: Nairobi ngiri ni shilingi elfu moja, Dar es Salaam elfu moja ni buku na mia tano ni jero, na noti ya mia tano ya Kenya siku za uchaguzi wa 1992 iliitwa Jirongo, jina la mwanasiasa Cyrus Jirongo.

“Na mbwa ni shilingi ngapi?” Mbwa aliuliza. Hakuna aliyejibu.

“Kwetu mbuzi hana haja ya kuwa msimu wa fedha,” alisema Mbuzi. “Anatolewa mahari mwenyewe, na kwato zake.”

Gunia alikuwa amenyamaza muda mrefu. Sasa alifunguka. Alisema kila safari yake kuna kizuizi barabarani, na kizuizini kuna neno matabishi. Dereva analitoa, kamba inashuka, lori linapita. Neno hilo lilitoka kwa Wareno, ‘mata-bicho’, kuua mdudu. Ndivyo walivyoita kile kinywaji kikali cha asubuhi cha kumuua mnyoo tumboni. Kongo likageuka kuwa bakshishi, kisha rushwa ndogo. “Huyo mdudu,” alisema Gunia, “nimemwona akiuawa mara nyingi katika safari moja, na bado anaishi.”

Kisha aliwapa habari ya Bukavu. Miaka ya 1950 vijana wa Kinshasa, wakati huo ikiitwa Léopoldville, walipenda mno filamu za wachunga ng’ombe wa Marekani, wakajiita Bill kwa kumfuata Buffalo Bill, na lugha yao ikaitwa Indubil. Kule ilisimama juu ya Lingala. Ilipofika Bukavu ilisimama juu ya Kiswahili, ikachanganya Kifaransa, Lingala na chochote kilichopita njiani. Mwaka 1988 mwanaisimu Didier Goyvaerts aliichapishia makala katika jarida la kimataifa la lugha na jamii.

“Jarida la Kiingereza?” Kamusi aliuliza.

“La Kiingereza. Wasomi wa Kiingereza wanasoma misimu ya Bukavu, na vijana wa Baraka wanakariri misimu ya London.”

Hapo Mbwa alikumbuka aliyoyasikia akiwa amelala chini ya dirisha la shirika moja. Kijana alikuwa akihojiwa kazi. Aliulizwa hali ya barabara ya kupanda Fizi wakati wa masika. Akajibu kwa ladha: ‘It rains cats and dogs’, inanyesha paka na mbwa. Mhojaji hakuwa Mwingereza. Kiingereza chake kilikuwa cha ripoti na mikutano. Alirudia swali polepole, kijana akarudia paka na mbwa kwa sauti kubwa zaidi, na mhojaji akaandika katika safu ya hatari za njiani: wanyama. “Na kazi hakuipata,” alisema Mbwa, “ingawa mimi ndiye niliyeandikwa.”

Mbuzi alisema si ajabu, maana Fizi imeona siri za namna hiyo. Aprili 1965 Ernesto Che Guevara alivuka kutoka Kigoma na kundi la kwanza la Wakuba kuja kuwasaidia waasi. Ili wasijulikane walijipa majina ya Kiswahili kwa kuhesabu: Víctor Dreke akawa Moja, José María Martínez Tamayo akawa Mbili, na Che akawa Tatu, ili asionekane kuwa mkubwa wao. Lugha ya siri waliyoichagua ndiyo ambayo kila mtoto wa ufukwe huu anaihesabia ndagala. Novemba mwaka huohuo waliondoka kwa njia ileile ya ziwa.

“Sasa nihukumu,” Kamusi alisema. Sauti ilikuwa imemshuka.

Hukumu ilikuwa fupi. Anayesafiri kwenda kuishi London amsome Kamusi kwa masikio, ili akiambiwa atumie mkate asiende dukani, na akisikia ‘porkies’ ajue anaitwa mwongo. Kuyasema mwenyewe asubiri mpaka wenyeji wa mtaa wamzoee. Anayebaki Baraka na kutafuta kazi ajifunze Kiingereza cha kawaida, sentensi zinazosema mvua ni kubwa na barabara imekatika. Mbuzi alikula dibaji, iliyomwita Kamusi ufunguo wa dunia, akaacha kurasa zilizobaki.

Na yule Hotten wa kamusi ya 1859 hakuwa profesa. Alikuwa muuza vitabu aliyesikiliza wauza nyimbo wakipita na kuandika waliyosema, na bila yeye huenda maneno mengi ya vina ya wakati ule yasingejulikana leo. Kwa hiyo, msomaji wa Baraka, Mboko, Lulimba au Misisi, ukisikia kwa waendesha pikipiki, wachimba dhahabu au wavuvi neno ambalo mwalimu wako halijui, liandike kwenye daftari: neno lenyewe, maana yake, kazi ya aliyelisema, mahali na mwaka. Kalamu na daftari vinauzwa kwenye meza hiyohiyo ya karanga.