Kuzamia kwa Miguu

Mgeni anayekuja Unguja kuzamia huwa amejiandaa kukutana na kasa, taa na pengine papa. Kukutana na watu hakumo katika maandalizi yake. Wale wa hotelini hawahesabiki, kwa kuwa wanalipwa kumkaribisha. Wenyeji wasiolipwa hukutana naye mahali pasipotajwa kwenye ratiba yoyote, kwenye uwanda wa mchanga na matope ulio kati ya kijiji na mwamba, bahari ikiwa imeondoka naye amebeba mtungi wa hewa mgongoni.

Chanzo cha mambo hayo ni mwezi. Pwani ya mashariki ya Unguja, kuanzia Matemwe kushuka hadi Makunduchi, imekingwa na mwamba wa matumbawe ulio mbali na ufuo, na ndani ya mwamba huo maji ni haba. Siku za bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, tofauti kati ya maji kujaa na maji kupwa hukaribia mita 4, na bahari hurudi nyuma kilomita nzima au zaidi. Siku za maji mafu hali huwa ya kistaarabu. Ajabu ni saa zenyewe: bamvua la Unguja hujaa karibu na saa kumi, alfajiri na alasiri, na hupwa karibu na saa nne, asubuhi na usiku, kisha kila siku saa hizo husogea mbele kwa dakika 50 hivi. Mtu wa pwani huyajua haya kabla hajajua kusoma. Mgeni hupanga likizo yake kwa kufuata ruhusa ya mwajiri wake wa Ulaya, ambaye hashughuliki na mwandamo.

Basi boti iliyoondoka saa moja na nusu asubuhi ikielea chini ya ngazi za hoteli hurudi saa tano na kukuta ngazi ziko palepale ila bahari haipo. Nahodha huisogeza mpaka maji yanapofika magotini, huzima mashine na kutangaza, "Tumefika." Hasemi uongo. Baharini wamefika, na kilichobaki ni nchi kavu, ambayo haimo katika leseni yake. Anayetaka kuikwepa adhabu hii huenda Nungwi au Kendwa, ncha ya kaskazini, ambako kina kiko karibu na ufuo. Lakini vyumba vya huko huwa vimeshachukuliwa na waliosoma jedwali la maji mapema.

Mtungi wa kawaida wa alumini una uzito wa kilo 14 hivi ukiwa mtupu. Mabaharia wa boti wako tayari kuubeba, na mgeni mwenye busara huwaachia. Mwenye fahari huubeba mwenyewe, kwa sababu katika kozi alifundishwa kwamba mzamiaji huwajibika kwa vifaa vyake. Hakufundishwa kutembea navyo kilomita moja juani, na mapezi ya mpira, yanayomfanya awe mwepesi akiwa chini, hayaruhusu mtu kwenda mbele bila kujikanyaga. Wapo wanaogundua kuwa kwa mapezi ni rahisi kutembea kinyumenyume. Hivyo ndivyo wengi wao wanavyoingia katika shamba la watu bila kuliona.

Shamba lenyewe ni la mwani. Kilimo hicho kilianza kibiashara Paje na Jambiani mwaka 1989, baada ya miaka mingi ya utafiti ambao Profesa Keto Mshigeni wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alikuwa miongoni mwa walioutangulia, na mbegu zake zililetwa kutoka Ufilipino. Vigingi huchomekwa mchangani kwa safu, kamba hukazwa kati yake, na vichipukizi hufungwa mojamoja mpaka vikue kwa wiki sita hivi. Mwani uliokauka husafirishwa ng'ambo na kutolewa utomvu unaoifanya aiskrimu iwe nzito na dawa ya meno isimiminike, kwa hiyo inawezekana kabisa kwamba mgeni ameanza siku yake kwa kupiga mswaki na mazao ya shamba analolikanyaga. Wakulima wengi ni wanawake, na kazi yao haiwezekani ila bahari ikiwa imepwa. Saa iliyoikwamisha boti ndiyo saa waliyoingojea wao. Mkutano huo umepangwa angani, na hakuna hoteli iwezayo kuufuta.

Mtu mwenye adabu hapiti katika shamba la mtu bila salamu. Salamu za pwani ni ndefu, nazo hazifupishwi kwa sababu aliyesalimiwa ana mzigo. Mwongozaji, kijana wa hapohapo, huweka chini alichobeba na kuanza na shikamoo kwa bibi mwenye shamba. Huulizwa hali yake, ya mamake, ya nyumbani na ya dada aliyeolewa mjini. Mgeni husimama pembeni akidondoka jasho ndani ya suti ya mpira, akiamini kwamba linajadiliwa jambo la dharura. Anapogeukiwa yeye, hujibu "poa kichizi kama ndizi", sentensi aliyofundishwa na vijana wa ufukweni kwa ajili ya bibi kama huyu hasa, na bibi hulipokea jibu hilo kwa uvumilivu wa mtu aliyelea watoto wengi. Kisha huja mahojiano yenyewe.

"Mwatoka wapi?"

"Kuzamia, bibi."

"Mmepata nini?"

"Hatukupata kitu. Twaangalia tu."

"Hata pweza?"

"Pweza tumemwona, mkubwa sana."

"Mkamwacha?"

"Tumempiga picha."

Bibi huutazama mtungi, huitazama mipira inayoning'inia, humtazama mgeni mwenyewe kuanzia miguuni. "Na huyu analipwa kiasi gani kwa kazi yote hii?"

"Halipwi, bibi. Yeye ndiye aliyelipa."

Hapo mazungumzo husimama kidogo. Wanawake wengine huacha kufunga kamba. Mwishowe bibi humwambia mgeni kwa upole, "Pole sana, mwanangu," na mgeni, aliyeielewa sauti bila kuyaelewa maneno, huandika jioni katika daftari lake kwamba wenyeji walivutiwa.

Haki lazima itendeke: kuna jambo moja ambalo mzamiaji huwashinda watalii wenzake wote machoni pa kijiji, nalo ni mavazi. Anayetoka hotelini kwenda dukani kununua maji akiwa na vitambaa viwili vya kuogelea huacha minong'ono nyuma yake. Mzamiaji amefunikwa kuanzia shingoni hadi vifundoni, na baadhi yao wana kofia ya mpira pia. Suti inambana kupita kiasi, hilo halina ubishi, lakini nia inaonekana.

Heshima hiyo hudumu mpaka akanyage mmoja wa wale viumbe weusi wa miamba wenye miiba mirefu. Miiba hukatikia ndani ya nyayo na haitoki kwa kibano. Katika mkoba wa huduma ya kwanza wa boti kuna vitu vingi vilivyofungwa vizuri, na kisichokosekana kijijini ni papai bichi: hupasuliwa, utomvu wake hupakwa palipochomwa, na wengine huongeza mafuta ya taa. Mgeni aliyekuwa akionewa huruma kwa kutopata samaki sasa hukaa juu ya gunia la mwani, mguu wake ukiwa mapajani mwa mwanamke asiyemjua, watoto wakiwa wamemzunguka kushuhudia kama mzungu naye hulia. Jibu hutegemea mzungu.

Mikutano ya mbali na ufuo ni michache zaidi, na hatari yake iko katika ishara. Wazamiaji wana lugha yao ya mikono. Anayeibuka akiwa salama hugusa utosi kwa mkono, au huinua mikono yote miwili na kuikutanisha juu ya kichwa. Anayehitaji msaada hupunga mkono. Sasa pwani hii mtu aliyeweka mikono kichwani ni mtu wa msiba. Mtoto akifanya hivyo nyumbani hukemewa mara moja na kuulizwa anamlilia nani. Na anayepunga mkono anasalimia. Mpangilio huo usingeweza kuwa mbaya zaidi hata ungetungwa kwa makusudi. Wavuvi wa ngalawa wanaoona watu sita wenye mavazi meusi wakiibuka kwa pamoja, wote mikono kichwani, hupandisha mishipi haraka na kuwaendea, kisha huwavuta ndani ya chombo mmoja baada ya mwingine huku wakipewa pole, na wazamiaji hujitahidi kueleza kwamba hakuna aliyekufa. Kundi jingine, lililochukuliwa na mkondo kupitia mlango wa mwamba, hupunga mikono kwa nguvu zote. Wavuvi hupunga pia. Wakipungiwa tena hujibu tena, maana kutojibu ni utovu wa adabu. Kwa kawaida ni mara ya tatu ndipo nahodha huona kwamba salamu hizi zimezidi, akageuza tanga.

Kesi nzito kuliko zote huanzia chini kabisa, kwenye dema. Huu ni mtego wa kusukwa kwa fito, wenye mlango ambao samaki huingia kwa urahisi na kutoka hajui. Mvuvi huutega mwambani, huuwekea mawe, huuacha, na hurudi kuupandisha baadaye. Mzamiaji anayepita hapo huona changu na tasi wakizungukazunguka ndani, huingiwa na huruma, naye hufungua. Kwa maoni yake amewaokoa wanyama. Kwa maoni ya mwenye dema, na ya sheria yoyote inayofahamika, ameiba, tena wizi wa aina isiyomfaidi hata mwizi mwenyewe. Kisiwani siri haikai, na shauri hufikishwa kwa sheha kabla suti hazijakauka.

Mashauri ya namna hii yana tabia moja: samaki walioachiwa huendelea kukua muda wote wa kusikilizwa. Asubuhi walikuwa tasi watatu. Kufikia adhuhuri kuna kolekole. Baada ya swala ya alasiri huongezeka chewa ambaye, kwa vipimo vinavyotolewa kwa mikono, asingeweza kupita katika mlango wa dema lile hata kwa kusukumwa. Sheha huujua mlango wa dema vizuri, lakini anajua pia kwamba mgeni ana fedha na mwenye dema ana watoto. Hukata bei ya katikati, na pande zote mbili huondoka zikinung'unika, jambo ambalo mabaraza huliona kuwa dalili ya hukumu njema.

Siku ya mwisho mgeni hazamii. Aliyezamia siku kadhaa mfululizo hushauriwa kungoja angalau saa 18 kabla ya kupanda ndege, kwa sababu naitrojeni iliyoyeyuka mwilini mwake chini ya mgandamizo wa maji inaweza kugeuka mapovu hewa inapopungua huko juu. Kwa hiyo hupata siku nzima ya kuzurura, na miguu humpeleka dikoni, samaki wanaposhushwa na kunadiwa. Huko huwakuta pweza wakipigwa mawe ili walainike, na huwatazama kwa uso wa mtu anayemfahamu marehemu. Yeye mwenyewe anafahamika vizuri zaidi. Habari za yule anayeshinda baharini wiki nzima na kurudi mikono mitupu zilishafika tangu siku ya kwanza, na watu wamekuwa wakizifuatilia kwa masikitiko.

Haichukui muda mzee mmoja wa ngalawa humwita na kumkabidhi changu wawili waliotungwa kwa ukindu. Mgeni hutoa pochi. Mzee huisukuma pochi kando: hii si biashara, ni msaada. Hotelini mpishi huwabanika samaki hao kwa ndimu na pilipili, na wazamiaji wenzake wakimuuliza mezani wametoka wapi, mgeni hujibu kwamba wametoka baharini, na maelezo zaidi hatoi.