Modi ya Watu wa IT

Ofisini kwetu mimi ndiye "mtu wa IT". Cheo hiki hakina mshahara wa kutajika, lakini kina heshima zake. Printa ikigoma, naitwa mimi. Simu ya bosi ikijaa picha za harusi, naitwa mimi. Hata birika la umeme likikataa kuchemsha, hakosekani wa kusema, "Mwiteni mtu wa IT."

Sasa, ndani ya seva yetu mna kadi inayosimamia diski nne, kila moja ya terabaiti 1. Siku moja, katika kusomasoma, nikagundua kwamba kadi ile hufanya kazi kwa modi mbili: IR na IT. Nikafuta miwani. IT! Kumbe watengenezaji, huko waliko, wamenitengea modi yangu, nami miaka mitatu nimepanga kwenye modi ya watu.

Jumamosi, ofisi ikiwa tupu, nikahamia kwangu. Kazi yenyewe haipishani sana na ya vijana wanaoflashi simu Kariakoo: unafuta fimuwea ya IR, unapandikiza ya IT, unawasha upya. Kulikuwa na onyo refu kama hotuba ya mgeni rasmi. Nikalifanyia kama ninavyoyafanyia masharti yote ya kompyuta: nikakubali.

Seva ikawaka salama, maana Windows ina diski yake ndogo pembeni. Ila D, ile yenye hesabu na mikataba yote ya ofisi, haikuwepo. Mahali pake zilikaa diski nne zisizojuana, kama ndugu baada ya kugawana mirathi. Windows ikauliza kwa adabu: kuna diski hapa hazijaandaliwa, nikuandalie?

Kidole kilikwisha fika kwenye kipanya Mama Mhasibu alipoingia kufuata mwavuli wake.

"Mwanangu, mbona jasho na kiyoyozi kinawaka?"

Nikamweleza kwa ile lugha ngumu tunayoitumia tukitaka watu waache kuuliza. Hakuacha.

"Hiyo IT kirefu chake nini?"

"Mama, IT si ndiyo sisi?"

"Haya. Na IR ni akina nani?"

Nikaondoa mkono kwenye kipanya.

Nikarudi kusoma, safari hii kwa vituo. R ya IR ni RAID: kadi inazishona diski nne ziwe moja, na kila data inaandikwa mara mbili, ndiyo maana terabaiti 4 zetu zilikuwa zikihesabika 2. IT nayo haina undugu wowote na kazi yangu. I ni mtoa amri, T ni mlengwa wa amri. Kadi inajitoa katika ushonaji, inabaki kupitisha amri tu. Wapo wanaoitaka hivyo kwa sababu programu yao ndiyo inayoshona. Sisi hatukuwa na programu ya kushona hata kifungo.

Herufi si za kuaminiwa. Patterson, Gibson na Katz wa chuo cha Berkeley walipoitambulisha RAID katika makala yao ya 1988, I yake ilimaanisha diski za bei nafuu. Baadaye ikageuzwa kuwa diski zinazojitegemea, pengine kwa kuwa hakuna muuzaji anayependa neno "nafuu" likae kwenye ankara.

Nikairudisha IR. Bahati yangu, kadi ile huandika mpangilio wake kwenye diski zenyewe, na kwa kuwa sikuwahi "kuziandaa", ikawatambua wanawe: mpangilio upo, umelala, niuamshe? Nikaisoma sentensi ile mara tatu, nikamsomea na Mama, ndipo nikabonyeza. D ikarudi na mizigo yake yote.

Jumatatu Mama Mhasibu aliweka mezani kwangu diski ya nje, mpya, na risiti yake juu.

"Bakapu. Kila Ijumaa, kabla hujaaga."

Tangu hapo ofisi yetu inaendeshwa kwa modi ya IT kamili: yeye ni I, mimi ni T.