Muulize Mama Mwenye Nyumba

Anayejibu barua zenu ni mama mwenye nyumba wa Temeke: vyumba vinane, choo cha nje, maji yapo. Kuta za nyumba yake hazifiki kwenye bati, kwa hiyo ugomvi wa ndoa, dua za usiku na hesabu za madeni vyote ameshavisikia, apende asipende. Ushauri ni bure. Kodi ni miezi sita, taslimu.

*

Shikamoo mama. Mume wangu amesema hali ngumu, tubane matumizi, na ameanza na king'amuzi. Kifurushi kilikuwa shilingi 25,000 kwa mwezi. Kimekatika tangu mwezi jana, nami tamthilia ya Sultani Suleiman naisikia kwa jirani kupitia dirishani. Yeye siku za mpira anatoka jioni na kurudi saa sita usiku. Nikimuuliza, ananijibu kwamba mwanamke mcha Mungu hanung'uniki. Nifanyeje?
Mama Watatu, Mbagala

Marahaba mwanangu. Tuanze na hesabu, dini itafuata.

Kibanda umiza cha hapa mtaani kwetu mechi kubwa ni shilingi 1,000 mlangoni. Sijaona mwanaume anayemaliza dakika 90 mdomo mkavu, kwa hiyo weka soda, 700. Mishkaki minne ya mia tano tano, 2,000. Mpira ukiisha daladala zimeshaadimika, apande bodaboda, 2,000 nyingine. Jumla 5,700 kwa usiku mmoja. Akienda Jumamosi na Jumapili, wiki nne ni 45,600. Mumeo ameokoa 25,000 kwa kutumia 45,600, na hapo nimemhesabia soda kwa heshima ya ndoa yenu.

Nimewaona wapangaji wengi wakipita kwenye dhiki, na mkasi huanzia palepale siku zote. Kinakatwa kile ambacho nyumba nzima inakifurahia pamoja, kwa sababu kinaonekana: kipo juu ya meza, kina taa nyekundu. Mishkaki haina taa. Baba anakata king'amuzi, anajiona amewajibika, anatoka kwenda kupumzika baada ya kazi hiyo nzito ya kuwajibika. Watoto wanabaki wamekaa kama wamefiwa. Wa kwanza, kama ni wa kiume, baada ya wiki mbili anamfuata baba yake kibandani. Hapo weka viingilio viwili.

Zamani mambo yalikuwa tofauti kidogo. Ulinunua televisheni, ukafunga antena kwenye mlingoti, ikigoma ukaongeza mfuniko wa sufuria, na mtoto mmoja akawekwa nje kuuzungusha huku wa ndani wakimpigia kelele: hapo hapo, usiguse! Ukishanunua umenunua. Walipozima mitambo ya analojia hapa Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012, burudani ikaingia foleni moja na unga na umeme. Kila mwezi inabisha hodi. Sasa kitu kinachobisha hodi kila mwezi lazima kiwe na fungu lake, na fungu hilo lazima mlijue wote wawili. Siku ya mshahara kaeni chini na daftari la mtoto, kurasa za nyuma. Aandike yeye kwa mkono wake: kodi, chakula, nauli, king'amuzi, kibanda umiza. Neno hilo la mwisho usimwandikie. Subiri tu. Mwanaume akiandika "mishkaki 16,000" kwa mwandiko wake mwenyewe, kitu fulani humtokea usoni.

Kisha chukueni kifurushi kidogo. Juni na Julai ligi kubwa za Ulaya zikisimama, teremkeni zaidi au mzime kabisa.

Kuhusu mcha Mungu asiyenung'unika, msubiri ashibe, halafu muulize kwa adabu ni aya gani inayomtaka mke anyamaze huku mume akishangilia goli hadi mtaa wa tatu.

Na ili usiteseke kwa dirisha la jirani, mwisho wa Sultani nakupa bure. Suleiman anafariki mwaka 1566, mzee, hemani, akiwa vitani huko Hungary, na mwanawe Selim ndiye anayekalia kiti. Historia imeshaandika. Nani alivaa gauni gani na nani alimtilia nani sumu, hayo utasubiri kifurushi.

*

Assalaam aleikum mama. Mimi ni mtu wa swala tano. Kila Jumamosi naweka mkeka wa mechi kumi, shilingi 1,000 tu, sizidishi. Mara tatu sasa imebaki timu moja! Yaani mkono umegusa kabisa. Naomba unielekeze dua ya kukamilisha hiyo moja. Nikishinda nimenuia kuwatolea yatima.
Imebaki Moja, Mabibo

Waaleikum salaam. Barua yako nimempelekea mpangaji wa chumba namba sita, mwalimu wa hesabu wa sekondari, ambaye jioni zake ni ndefu kwa kuwa king'amuzi chake nacho kimekatika.

Anasema hivi. Tuseme umechagua timu imara tupu, kila moja ina uwezo wa kushinda mechi 65 kati ya 100. Timu moja ukiitazama inatia moyo. Lakini unazitaka zote kumi kwa mpigo, na hapo 0.65 inazidishwa yenyewe kwa yenyewe mara kumi, inabaki 0.013 na vichenji. Mkeka mmoja kati ya 74. Kwa odi ya 1.5 kila mechi, elfu moja yako ikitiki inakupa kama 57,600. Mpaka itiki, kwa wastani, umeshatoa 74,000.

Lililonifanya nikae chini ni la pili. Kwa hesabu hiyohiyo, mkeka wa kubakiza timu moja hutokea mara moja katika kila 14. Maana yake kwa kila mkeka unaotiki, kuna zaidi ya mitano inayokuambia "imebaki moja." Wewe unaona umekaribia. Mwanangu, hujakaribia popote. Uko palepale ambapo mwenye duka anakutaka uwe, umesimama mlangoni, pumzi juu, na elfu moja nyingine mkononi.

Dua sina. Unajua mwenyewe kwamba katika Suratul Maida kamari imetajwa kwenye aya moja na pombe, na sijawahi kuona mtu wa swala tano akiomba dua ya kumaliza chupa. Yatima nao wasiingizwe kwenye jambo hili, hawakukutuma. Kama unataka kuwatolea, elfu moja ya Jumamosi hii ipo mfukoni mwako tayari, haihitaji dakika za nyongeza.

Usiponielewa kwa dini nielewe kwa nyumba: elfu moja kila Jumamosi ni 52,000 kwa mwaka. Chumba changu cha uani ni 50,000 kwa mwezi. Kipo wazi.

*

Bwana asifiwe mama. Kwenye harambee ya kupaua kanisa niliinua mkono nikaahidi 200,000, baada ya mwenzangu wa kwaya kuahidi 150,000. Watu walipiga makofi sana. Sasa baba yangu kijijini amemaliza dawa za presha, na binti yangu anaingia kidato cha kwanza, sare hana. Mchungaji anasoma majina ya wasiomaliza ahadi kila Jumapili. Je, nikope ili nimlipe Mungu?
Niliinua Mkono, Mbeya

Asifiwe. Mimi ni mtu wa juzuu, lakini katika vyumba hivi wamepita Walutheri, Wasabato na walokole wa kukesha, na ninachojua ni kwamba mkopo hauulizi dhehebu. Ili nisikujibu kwa kubahatisha, nilibisha hodi chumba namba mbili, kwa mama Mkatoliki ambaye hakosi jumuiya. Hakufikiri mara mbili. Alifungua Marko sura ya 7, akaniwekea kidole: Yesu anawakemea watu waliokuwa wakisema mali yao ni korbani, imewekwa wakfu kwa Mungu, ili wasiwasaidie nayo baba na mama zao. Nikasoma mara mbili. Baba yako na dawa zake wamo mle ndani, mwanangu.

Kwetu sisi, zaka ina makundi manane ya kupewa, na mwenye kulemewa na deni ni mmoja wao. Wewe unataka ukope ili utoe, yaani utoke kwenye safu ya watoaji na uingie kwenye safu ya wapokeaji kwa hatua moja. Mungu atakuona umehama, lakini sidhani kama atakuita mkarimu.

Sasa tuseme ukweli kuhusu hiyo ahadi. Zile 150,000 za kwanza yawezekana ulimwahidi Mungu. Zile 50,000 za juu ulimwahidi mwenzako wa soprano. Nenda kwa mhazini siku ya kazi, si Jumapili kwenye watu, mwambie utalipa 20,000 kwa mwezi kwa miezi kumi, na mwezi wa kwanza umpe kabisa taslimu ili akuamini. Jina likiendelea kusomwa, likae wima wakilisoma, halina kosa. Wewe simama uimbe.

Binti yako ana nafuu moja: ada ya kidato cha kwanza hadi cha nne katika shule za serikali iliondolewa mwaka 2016. Sketi, viatu na madaftari hakuna aliyeviondoa. Kwa hiyo anza na dawa za mzee, fuata sare, halafu bati. Bati likichelewa mtasali na jua, na kwa baridi ya Mbeya jua si baya.

*

Mama, nilikopa 50,000 kwenye simu, wakadai 75,000 ndani ya siku saba. Nilipochelewa wakawatumia ujumbe watu wote waliomo kwenye simu yangu kwamba mimi ni tapeli. Wameupata bosi, mkwe na imamu.
Aibu Tupu, Tabata

Pole. Novemba 2024 Benki Kuu ilitoa orodha ya majukwaa na programu 69 za mikopo ya kidijitali zisizo na kibali. Itafute, tazama kama waliokukopesha wamo, na kama wamo peleka malalamiko ukiwa na picha za ujumbe wao. Usikope kwa wengine ili uwalipe hawa. Kwa mtindo huo utaniandikia tena mwezi ujao na nitakuwa nimechoka.

Faida ni moja: mkwe ameshajua, na lililokuwa likikutisha kuliko deni lenyewe limekwisha. Kamwangukie. Wakwe hupenda sana kukopesha pale wanapoweza kulitaja jambo hilo kwa miaka ishirini.

*

Shikamoo mama mwenye nyumba. Mimi ni mpangaji. Kila mwanzo wa mwezi tunachanga hela ya LUKU, na kabla ya umeme kuingia inakatwa 1,500 ya kodi ya jengo. Jengo si letu. Mwenye nyumba tukimkumbusha anasema "tutaongea." Tena nyumba nzima tuko mita moja, na Jumapili wakristo tukiwa ibadani yeye anapiga pasi kanga zake zote. Tumesikia ukivuka uniti 75 bei inapanda. Je, hii ni haki mbele ya Mungu?
Chumba Namba Nne, Temeke

Marahaba. Mwandiko huu nimeuona mahali, lakini safu hii inaheshimu siri.

Nianze na uniti. Ni kweli kwamba kundi la watumiaji wadogo hulipa shilingi 100 kwa uniti hadi uniti 75 kwa mwezi, na za juu yake shilingi 350. Lakini nyumba ya vyumba vinane yenye mafriji matatu, na hita ya maji ya kuchovya ya chumba namba nne ambayo wenyewe mnadhani siijui, haijawahi kuziona hizo uniti 75 tangu ipigwe lipu. Pasi yangu isisingiziwe.

Kuhusu haki mbele ya Mungu, Yeye ana mambo yake. Mbele ya serikali, kodi ya jengo ni ya mwenye jengo. Ilianza kukatwa kwenye LUKU mwaka 2021, elfu moja kwa nyumba ya kawaida, ikafika 1,500 mwaka 2023. Kwa mwaka ni 18,000, na mwenye nyumba mwema huipunguza kwenye kodi ya pango. Wenye nyumba wema wapo. Wengi wao wameshatangulia mbele za haki.

Njoo tuongee. Njoo Jumapili jioni na risiti zako zote, nikishamaliza kupiga pasi.