Kasha Lililopanda na Kushuka Bei

Mirathi ya Bibi haikuleta ugomvi penye ugomvi. Pesa za benki ziligawanywa kwa kalamu: wana wawili wa kiume, binti mmoja, mafungu matano, Baba mawili, Ami mawili, Shangazi moja. Nyumba ilibaki ya wote, Ami akiendelea kukaa humo. Vikabaki vitu viwili vya orofani, kasha na kiti cha enzi, na hivyo ndivyo vilivyotufanya tujuane.

Ilikubaliwa kwamba anayekitaka kitu akitie bei, na bei hiyo ikatwe kwenye fungu lake. Utaratibu mzuri, ila haukuuhesabu ulimi wa Ami. Siku alipokuwa akilitaka kasha yeye, lilikuwa mbao kuukuu zenye misumari, bawaba zimelegea, mchwa washaonja. Shangazi aliposema, "Basi nipeni mimi," Ami akanyamaza, akamaliza kahawa yake, na papo hapo kasha likaota ukoo. Limekuja na jahazi la kaskazi kutoka Uajemi. Babu mzaa babu alitunukiwa na Liwali.

"Jana mchwa, leo Liwali?" Shangazi akauliza.

Mtoto wa Ami, kijana mwenye bidii isiyoulizwa, aliyachukua maneno ya babake kwa uzito. Kama kasha ni la Liwali, basi ling'ae. Akashinda mchana kutwa na msasa na kopo la vanishi, na magharibi ilipoingia, uso wa mbele ulikuwa unametameta kama meza ya hoteli mpya. Msasa ulimwishia kabla hajazunguka nyuma, alhamdulillahi. Ile rangi nzito ambayo mti huipata kwa mikono, mafuta na moshi wa udi haipatikani dukani, na wanunuzi wanaojua huilipia kuliko shaba yenyewe.

Baba, ambaye hadi hapo alikuwa akisikiliza tu, akamwita mzee mmoja wa Mji wa Kale anayeuza vitu vya zamani. Nilitaraji atasifu nakshi. Uso wa mbele hakuutazama zaidi ya kuguna. Akataka kasha litolewe vitu, leso zote na vichupa vya halud, ligeuzwe, na apewe tochi.

Kwanza akavuta saraka za chini na kuzipindua. Maungio ya pembeni hayakulingana, moja nene, jingine jembamba, na kwenye ubao usioonekana msumeno ulikuwa umeacha mikwaruzo iliyonyooka. Kazi ya mkono hiyo. Msumeno wa mviringo wa mashine huacha alama za upinde. Akaukwangua kidogo mgongo kwa ukucha: msaji. Kisha akaangalia mabati ya shaba, mapana na mazito, akasema wenye biashara hii huyagawa makasha ya pwani katika jamaa tatu, la Shirazi, la Surat na la Bombay, na hili letu ni la Surat. Yaani lilitoka Bara Hindi, kama mengi ya wenzake yaliyoshuka bandari za Ghuba na za kwetu.

"Uajemi iko njiani," Ami akasema.

Mzee akafungua skrubu moja ya bawaba. Ilikuwa na ncha kali. Skrubu za namna hiyo zilianza kuenea katikati ya karne ya 19, lakini akatuonya kwamba bawaba hubadilishwa, kwa hiyo skrubu moja haitoi umri wa kasha zima. Kilichotoa siri kilikuwa ubao wa chini kabisa. Ulikuwa mti mwepesi, mweupe, wenye herufi za Kizungu zilizofifia: kipande cha yale masanduku yaliyokuwa yakibeba madebe mawili mawili ya mafuta ya taa.

"Hata Liwali alikuwa na taa," akasema Ami.

Bei ikatajwa, na ilikuwa zaidi ya moja: atakayolipa yeye, atakayouzia yeye, na ile ambayo angeitaja lau msasa usingepita. Ya tatu iliifanya nyumba nzima imtazame yule kijana.

Kiti ndicho kilichomkalisha mzee kitako. Mpingo, mgongo wa kusukwa kwa uzi, njumu nyeupe. Akaweka lenzi kwenye njumu. Mfupa una vinukta vyeusi. Pembe ya ndovu, ikikatwa kwa upana, huonyesha mistari inayokatana. Hapa mistari ilikuwapo. Akarudisha lenzi mfukoni na kusema kitu hiki hakina bei, maana biashara ya pembe imekatazwa na yeye hataki kesi.

"Kama hakina bei," Ami akarukia, "kikatwe sifuri kwenye fungu langu."

"Sifuri hata mimi ninayo," Shangazi akajibu.

Mzee akaongeza, taratibu, kwamba Kenya hata kukaa na pembe nyumbani kwataka kibali, na mwenye kiti ndiye atakayezunguka maofisini kukieleza. Wakatazamana. Kisha wakakubaliana, kwa mara ya kwanza tangu arubaini, kwamba Baba ndiye mkubwa na kiti cha enzi ni haki yake.

Kasha akapewa Shangazi, kwa bei ya kati. Mahamali wakaja, wakapima ngazi, wakapima kasha, wakaketi. Liliingia kwa dirishani, enzi dirisha halijawekwa vyuma. Vyuma lazima vikatwe, kisha vichomelewe upya, na fundi wa kuchomelea ametaja pesa zilizomfanya Shangazi aombe maji. Ami, mwenye kukaa nyumba hiyo, amemletea maji mwenyewe. Amemshauri asijisumbue, aliache tu palepale, yeye atamrudishia kitu kidogo, kwa sababu hilo kasha, tukisema kweli, chini lina ubao wa mafuta ya taa.