Namna ya Kuzuru Boudhanath Usiambulie Chochote

Ukiwa Kathmandu, Nepali, usithubutu kufika kwenye stupa (kuba takatifu la Wabudha) ya Boudhanath alfajiri. Saa hizo pamejaa wenyeji: bibi wa Kitibeti na aproni yake ya milia, tasbihi ya punje 108 mkononi, mwenye duka anayetufu kwanza ndipo afungue mlango. Watu hawa hawana habari nawe. Nenda saa nne, wageni wenzako wakishaamka.

Wote wanazunguka kwa kufuata mshale wa saa, stupa ikiwa mkono wa kulia. Wewe zunguka kinyume. Mtakutana uso kwa uso na picha zitatoka safi. Mzee akikuelekeza kwa kidole, mpungie mkono, songa mbele.

Juu utaona macho makubwa yanayotazama pande zote nne, na chini yake mkunjo kama pua. Kwa Wanepali ni tarakimu moja, ishara ya umoja. Wewe waambie wenzako ni alama ya kuuliza. Nani atabisha?

Pengine utasimuliwa habari ya mjane mfuga kuku aliyemwomba mfalme kiwanja kinachoenea ngozi moja ya mnyama. Akaikata ngozi ile nyuzi nyembamba, akazizungushia eneo lote hili. Wakubwa walipokwenda kushtaki, mfalme akasema ruhusa imekwishatoka kinywani mwake, hairudi. Mama akafa stupa haijaisha, wanawe wakaimalizia. Hapo uliza kama familia ilipata hati miliki.

Kuna mbao za kusujudia. Mtu anasimama, anaunganisha viganja, anavishusha kutoka utosini hadi kifuani, kisha anajilaza kifudifudi na kunyoosha mikono mbele. Tazama vinapotelezea viganja vya mikono: ubao umesuguliwa hadi unang'aa. Usitazame sana, usije ukajiuliza imechukua mikono mingapi. Chuchumaa mbele ya anayesujudu, ukiinua vidole viwili, upigwe picha.

Taa za siagi huwashwa pia kwa ajili ya marehemu, ambao kwa Watibeti huombewa hadi siku ya 49 (arobaini yetu, na nyongeza). Nunua moja. Usimkumbuke mtu yeyote, hata yule ambaye jina lake limekujia sasa hivi. Ukiulizwa unamwashia nani, jibu: Instagram.

Usisahau kulalamika kwamba kilele kinang'aa mno, hakionekani cha kale. Tetemeko la Aprili 2015 lilikipasua; waumini na wafadhili binafsi wakachanga, watu wakajitolea kubeba matofali, na Novemba 2016 kikazinduliwa upya, kimepakwa dhahabu zaidi ya kilo 30. Yakuhusu nini? Omba uonyeshwe ufa ulipokuwa.

Magurudumu ya dua yasikupotezee muda. Lizungushe moja, tena kwa mkono wa kushoto, uigize hadi video itoke vizuri. Foleni nyuma yako ina subira, ndiyo dini yao.

Kisha panda mkahawa wa ghorofani, agiza kapuchino na uwaandikie wasafiri wengine tathmini yako. Pape nyota nne. Ya tano umeizuia kwa haki kabisa: watu wanaosali wanaingia kwenye picha.